Mtoto Anapotengwa na Wenzake: Umfundishe, Umtafutie Rafiki, Umfuate Mwalimu au Umhamishe?

Mzazi akishagundua kwamba mtoto wake hana wa kucheza naye, ushauri haumpungukii. Mmoja humwambia amfundishe mtoto kuchangamka. Mwingine humwambia amtafutie rafiki mmoja tu, mengine yatafuata. Wa tatu humhimiza akazungumze na mwalimu, na wa nne humshangaa kwa nini bado hajamhamisha shule. Kila ushauri kati ya hiyo umewahi kumwokoa mtoto fulani, na kila mmoja umewahi kumwacha mwingine palepale alipokuwa, au pabaya zaidi. Nimeziweka njia hizi nne bega kwa bega na kuzipima kwa maswali yaleyale, kwa ajili ya mzazi, mlezi au mwalimu ambaye hana budi kuchagua na hawezi kufanya yote kwa mara moja.

Ametengwa kwa namna gani?

Swali hili hutangulia mengine yote. Mwaka 1982 John Coie, Kenneth Dodge na Heidi Coppotelli walichapisha utafiti ambao wanaoshughulika na mahusiano ya watoto bado wanauegemea. Waliwauliza watoto ni wenzao gani wanawapenda zaidi na ni wepi hawawapendi, kisha wakayasoma majibu yote mawili kwa pamoja. Wakapata wanaopendwa, wanaokataliwa, wasiotajwa na karibu yeyote, wanaopendwa na wengi huku wakichukiwa na wengi, na wale wa katikati.

Kwa mzazi, tofauti kubwa ni ile ya anayekataliwa na asiyetajwa. Wote wawili utawakuta wamekaa peke yao wakati wa mapumziko. Lakini juu ya yule wa kwanza darasa limekwisha kuamua: hatumtaki. Juu ya wa pili halijaamua lolote. Hawana ugomvi naye, ila hawamkumbuki wanapogawana timu. Ukiwatazama kwa mbali dirishani huwezi kuwatofautisha, na dawa zao ni mbalimbali.

Wanaokataliwa nao si wa aina moja. Wapo wanaokataliwa kwa ukali wao: hupiga, huvuruga mchezo, hukasirika upesi. Dodge alionyesha kwamba watoto wengi wa namna hii huona uadui pasipo na uadui. Mpira ukimgonga kwa bahati mbaya, yeye anaamini amelengwa, na analipiza. Wapo pia wanaokataliwa kwa unyonge au kwa kuwa tofauti na wenzao, na hawa ndio wanaolengwa kwa urahisi na waonevu.

Tena yuko mtoto ambaye hajatengwa na mtu. Anapenda kukaa na kitabu chake au kuchora, akialikwa hucheza vizuri, akirudi nyumbani ana furaha. Huyu si sawa na yule anayetamani kujiunga ila anaogopa. Kama wako ni huyu wa kwanza, sioni haja ya njia yoyote kati ya nne zilizo hapa. Mwache.

Maswali ya kupimia

Nimetumia manne. Njia hii inarekebisha nini: tabia ya mtoto, sifa yake machoni pa wenzake, au mazingira anamoishi nao? Nani anabeba kazi, na kwa muda gani? Ina hatari gani? Inamfaa nani? La kwanza ndilo zito kuliko yote, kwa sababu tabia na sifa haziendi pamoja kama tunavyodhani. Mtoto anaweza kubadilika kabisa na wenzake wakaendelea kumwona yuleyule wa mwaka jana.

1. Kumfundisha stadi za kuchangamana

*Inarekebisha nini.* Tabia ya mtoto. Zipo stadi ambazo watoto wengi huziokota bila kufundishwa, na wachache huzikosa: kupokezana zamu, kusikiliza, kushindwa bila kuzua vurugu, kumsifu mwenzako. Iliyo ngumu kuliko zote ni kuingia katika mchezo ulioanza. Martha Putallaz na John Gottman walilichunguza jambo hili mwaka 1981. Watoto wasiopendwa waliingia kwa kujivutia macho: walijizungumzia wenyewe, walipinga, waliuliza maswali yaliyosimamisha mchezo. Wanaopendwa walikwenda na mkondo wa wenzao, wakasema au kutenda jambo lililoendana na kilichokuwa kikiendelea. Hili linafundishika. "Simama kando kidogo, angalia wanacheza nini, kisha fanya kitu kinachousaidia mchezo wao" ni maelekezo ambayo mtoto wa miaka minane anayaelewa.

Na yanaleta matokeo. Sherri Oden na Steven Asher, katika kazi yao ya mwaka 1977, waliwafundisha watoto wa darasa la tatu na la nne waliokuwa hawapendwi jinsi ya kushiriki, kushirikiana, kuwasiliana na kuwatia moyo wenzao. Mtoto alifundishwa, akacheza na mwenzake, kisha akazungumza na mkufunzi juu ya yaliyotokea. Walipopimwa tena baada ya mwaka mmoja, faida ilikuwa bado ipo.

Lakini soma hili pamoja na kazi ya Karen Bierman na Wyndol Furman ya mwaka 1984. Walifundisha stadi za mazungumzo kwa baadhi ya watoto, na wengine wakawapa nafasi ya kufanya kazi ya pamoja na wenzao wenye lengo moja. Mafunzo yaliboresha mazungumzo ya mtoto, lakini kilichoboresha kupokelewa kwake na wenzake ni kule kufanya kazi pamoja nao. Kwa hiyo stadi peke yake hukuletea mtoto anayejua kuzungumza mbele ya kundi ambalo halijamfungulia mlango.

*Kazi na muda.* Kazi ni ya mzazi na mtoto, na mara nyingine mtaalamu. Nyumbani inawezekana: neno moja kabla ya kwenda kucheza, mazungumzo mafupi baada ya kurudi, na kamwe si mbele ya wenzake. Kwa wenye mahitaji makubwa zaidi ipo mipango iliyopangwa vizuri. Ule wa PEERS, ulioanzishwa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles na Elizabeth Laugeson na Fred Frankel kwa ajili ya vijana wenye usonji, ulikuwa wa wiki 14, na wazazi walikuwa na kipindi chao sambamba na cha watoto. Hilo la wazazi kufundishwa pia nalipenda sana, maana stadi isiyofanyiwa mazoezi nje ya chumba cha mafunzo haikai.

*Hatari.* Mtoto anaweza kuelewa kwamba kosa ni lake. Kwa mtoto anayeonewa hili ni dhuluma ya pili. Hatari nyingine ni kwa vijana wakali. Mwaka 1999 Thomas Dishion, Joan McCord na François Poulin walionya kwamba kuwakusanya vijana wenye matatizo ya tabia katika kundi moja ili wafundishwe kunaweza kuwazidishia. Mmoja anasimulia alivyovunja sheria, wengine wanacheka, na kicheko hicho kinafundisha kuliko mkufunzi. Ukiambiwa kuna kundi la mafunzo kwa ajili ya mwanao, uliza limechanganywa vipi.

*Inamfaa nani.* Anayekataliwa kwa mwenendo wake mwenyewe, na anayetamani kujiunga lakini hajui aanzie wapi.

2. Kumtafutia rafiki mmoja

*Inarekebisha nini.* Moja kwa moja, hairekebishi tabia wala sifa. Inampa mtoto mtu. Hilo si dogo. Jeffrey Parker na Steven Asher walionyesha mwaka 1993 kwamba kupendwa na kundi na kuwa na rafiki ni mambo mawili tofauti: watoto wengi wasiopendwa darasani walikuwa na rafiki wa karibu, na wapo waliopendwa ambao hawakuwa naye. Ernest Hodges na wenzake, mwaka 1999, waliwafuatilia watoto wanaoonewa. Kwa wasio na rafiki wa karibu, kuonewa kulizidisha matatizo ya mtoto, na matatizo hayo yakawavuta waonevu zaidi. Kwa wenye rafiki, mzunguko huo ulikatika.

Watu hudhani rafiki lazima awe wa umri uleule. Kwa mtoto mwoga sivyo. Wyndol Furman, Don Rahe na Willard Hartup, mwaka 1979, walichukua watoto wa shule ya awali waliojitenga na kuwapa vipindi kumi vya kucheza na mwenzao mmoja. Waliopewa mwenzao mdogo kuliko wao ndio waliofaidika zaidi. Ukifikiri, ni wazi kwa nini: mbele ya mdogo, yule asiyethubutu kuongoza anapata kuongoza, na anapoona inawezekana, hurudi kwa wenzake na kaujasiri fulani.

*Kazi na muda.* Kwa mtoto mdogo, kazi ni ya mzazi hasa. Alika mtoto mmoja, si wawili, kwa sababu watatu wakicheza mmoja huachwa, na unajua atakuwa nani. Pangeni mapema watakachofanya. Kitu kimoja anachokipenda sana na hataki kiguswe kifichwe kabla mgeni hajafika. Uwe karibu ila usiwe katikati. Muda uwe mfupi, waagane wakiwa bado wanatamani kuendelea. Amori Mikami na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba wazazi wa watoto wenye tatizo la kutotulia na kukosa umakini wakifundishwa kupanga na kusimamia michezo ya namna hii, mahusiano ya watoto wao huimarika.

Kwa kijana wa miaka kumi na minne haiwezekani. Ukimpangia rafiki atawakimbia wote wawili, wewe na huyo rafiki. Unachoweza ni kufungua mahali: timu, kwaya, kikundi cha sayansi, nyumba ambayo wenzake hawaogopi kuingia.

*Hatari.* Rafiki akihama, mtoto anarudi sifuri. Pia si kila urafiki unajenga. Yupo "rafiki" anayeamuru na kutishia kuondoka. Kuna urafiki mwingine wa karibu sana ambao Amanda Rose aliueleza mwaka 2002: vijana wawili, wasichana zaidi, wanaorudia matatizo yao usiku na mchana bila kutafuta njia ya kutoka. Urafiki unazidi kunoga, na huzuni inazidi pia. Kwa vijana ongeza jambo la mwisho. Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwapa watu 306 mchezo wa kuendesha gari mwaka 2005, na vijana walithubutu hatari zaidi walipokuwa na wenzao kuliko walipokuwa peke yao. Kijana mpweke anaweza kukubali rafiki yeyote kwa bei yoyote, hivyo angalia wanachofanya wakiwa pamoja.

*Inamfaa nani.* Asiyetajwa, mwoga, mtoto mdogo. Na anayeonewa, kama ngao, sambamba na njia ya tatu.

3. Kulishughulikia darasa

*Inarekebisha nini.* Mazingira, na kupitia hayo, sifa ya mtoto. Hii ndiyo njia wazazi wanayoiacha mpaka mwisho kwa kuogopa kuonekana wasumbufu, na nadhani huko ni kuchelewa bure.

Norway ilianza kampeni ya nchi nzima dhidi ya uonevu shuleni mwaka 1983, baada ya wavulana watatu kujiua, na Dan Olweus akajenga mpango wake humo. Wazo lake ni kwamba uonevu hauishi kwa kumrekebisha mtoto mmoja. Watu wazima wa shule nzima lazima wauone, wauwekee kanuni na wazisimamie. Nchini Finland, Christina Salmivalli na wenzake walieleza mwaka 1996 kwamba uonevu una wahusika wengi: mwonevu, anayemsaidia, anayeshangilia, anayetazama kando, na anayetetea. Mpango wa KiVa, ulioanza kutayarishwa Chuo Kikuu cha Turku mwaka 2006, ulijengwa juu ya hilo. Unawalenga watazamaji, kwa sababu mwonevu asiyeshangiliwa hapati alichokuwa akikitafuta.

Kuna upande mwingine usiohusu uonevu. Mwaka 1971 huko Austin, Texas, shule zilipokuwa zikiunganisha watoto wa rangi mbalimbali, Elliot Aronson na wanafunzi wake waligawa somo vipande. Kila mtoto katika kikundi alipewa kipande chake, na hakuna aliyeweza kujifunza somo zima bila kumsikiliza kila mwenzake. Mtoto aliyekuwa akidharauliwa akawa na kitu ambacho wenzake wanakihitaji. Angalia jinsi hili linavyokutana na matokeo ya Bierman na Furman: sifa hubadilika watu wanapofanya kazi pamoja kwa lengo moja.

*Kazi na muda.* Kazi ni ya mwalimu na shule, na ni ya miezi. Mzazi anaomba na kufuatilia. Nenda na maandishi: tarehe, mahali, nini kilifanyika, nani alikuwepo. Usiende na hukumu juu ya mtoto wa mwenzio. Uliza shule itafanya nini, nani atahusika, na mtakutana lini tena kuangalia kama kuna nafuu. Mkutano usioishia na tarehe ya mkutano mwingine mara nyingi huwa umeishia hapo.

*Hatari.* Mwalimu akimtaja mtoto mbele ya darasa, kesho yake atalipishwa. Kuwakalisha mwonevu na mwonewa ili "wapatane" si salama, kwa sababu hawana nguvu sawa; upatanisho ni wa marafiki waliogombana. Kwa vijana wakubwa mipango hii hufanya kazi kwa udhaifu kuliko kwa watoto wa shule ya msingi, hata KiVa yenyewe. Tena utafiti wa Finland umeonyesha jambo linaloumiza: uonevu ukipungua darasani, wachache wanaobaki wakionewa huweza kujisikia vibaya zaidi kuliko zamani, kwani sasa wanaona ni wao peke yao. Shule inayosema "hali ni nzuri siku hizi" huenda inasema kweli, na mwanao akawa ndiye huyo mmoja.

*Inamfaa nani.* Anayeonewa, bila mjadala. Pia aliyebadilika ila darasa halijambadilishia jina.

4. Kumhamisha

*Inarekebisha nini.* Inafuta sifa ya zamani, na hapo inaishia. Mwaka 1983 Coie na Janis Kupersmidt waliwaweka wavulana wa darasa la nne katika vikundi vidogo vya kucheza, baadhi wakiwa na watoto wasiofahamiana nao kabisa. Waliokuwa wakikataliwa shuleni walikataliwa tena katika vikundi vipya, ndani ya wiki chache. Lakini wavulana waliokuwa hawatajwi na mtu walichangamka zaidi walipokutana na wageni. Mwanzo mpya uliwapa nafasi ambayo darasa la zamani halikuwapa.

*Kazi na muda.* Familia nzima hubeba: gharama, usafiri, masomo yanayokatika. Kabla ya hapo fikiria uhamisho mdogo, yaani mkondo mwingine katika shule ileile, au kikundi cha nje ya shule ambako hakuna anayemjua. Mara nyingi mtoto anahitaji mahali pamoja tu katika wiki ambapo hana sifa mbaya.

*Hatari.* Mtoto hupoteza hata rafiki mmoja aliyekuwa naye. Uonevu wa kwenye simu humfuata. Na kama chanzo kilikuwa ukali wake, yatajirudia, safari hii akiwa na imani kwamba hapendeki popote.

*Inamfaa nani.* Asiyetajwa, mwenye stadi ambaye sifa yake imeganda, na aliye hatarini katika shule iliyoambiwa mara kadhaa ikakaa kimya.

Kulingana na hali yako

Kama mwanao ni mkali na wenzake wamemchoka, anza na stadi, hasa kutuliza hasira na kutafsiri upya nia ya mwenzake, kisha mwombe mwalimu amweke katika kazi ya kikundi yenye lengo moja. Kumhamisha kuje mwisho kabisa.

Kama hatajwi na mtu, mwalike mwenzake mmoja wiki hii. Akiwa mwoga sana, mchagulie aliye mdogo kwake kwa mwaka mmoja au zaidi.

Kama anaonewa, mwalimu kwanza, rafiki papo hapo, mafunzo baadaye na kwa uangalifu, ili asidhani anafundishwa kwa sababu alistahili.

Kama ni kijana, muulize yeye kabla ya kumwendea yeyote. Anaweza kukuomba usiende shuleni. Msikilize sababu zake, mkubaliane nini kitakulazimu kwenda hata asipotaka, na ulishike neno hilo.

Kama hulali usingizi kwa sababu huelewi yuko kundi gani, muulize mwalimu wake swali moja mahususi: wanafunzi wanapoambiwa wachague wa kufanya naye kazi, wanamkwepa au wanamsahau?

Na kama mtoto amepoteza hamu ya chakula kwa muda, hataki kabisa kwenda shule, anajiumiza au anazungumza juu ya kufa, weka ulinganisho huu kando. Usimwache peke yake, na umfikishe kwa daktari au mtaalamu wa afya ya akili leo hii.